Mioyo ya Shangazi Verna

Asubuhi ya harusi ya dada yangu Saimi nilikuwa nimelala chali chini ya boti ya mtu, nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa, nikitafuta majani. Ndiyo kazi yangu ya kila kiangazi. Kabla boti haijashushwa katika ziwa letu naikagua kuanzia pua hadi mkia, isije ikaingia na jani, konokono au tope la ziwa jingine. Nikiona jani, nalinyofoa. Nikiona maji yamebaki ndani, namwomba mwenye boti akayamwage huko juu kwenye kokoto. Nilisomea mimea ya majini chuoni kule Duluth, na nusu ya mji wetu inaamini nilisomea kuokota takataka.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa haya. Si haya za kupendeza, za kuinamisha macho. Ni haya za kukimbilia chooni. Saimi aliponiomba nizungumze kwa niaba ya ndugu wa bi harusi, nilianza kulia palepale jikoni, hadi akanikumbatia akasema, "Basi, Lempi, basi. Utagawa mkate tu." Lakini nikishavaa kile kizibao, sijui huwa nani. Namwendea mwanamume mwenye ndevu zinazofika kifuani, ambaye boti yake ina thamani kuliko nyumba yetu, namwambia maneno yale yale ninayomwambia kila mtu: Habari za leo. Umetoka ziwa gani? Naomba nikague kabla hujaingia. Naye anasimama, anavua kofia, anangoja kama yuko kanisani.

Saa nne nilitoka kazini, nikakitupa kizibao kwenye kiti cha nyuma cha gari, nikakimbia nyumbani kuvaa gauni la upambe. Kwetu ni kando ya maji kabisa. Baba hupangisha vijumba na mitumbwi kwa wavuvi wa ndoana, na kushoto kwa gati letu kuna ghuba ya mpunga wa porini ambao jirani zetu Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii, huja kuuvuna miti inapoanza kubadilika rangi. Kulia kuna sauna ya Baba, kijumba cha mbao cha kuogea mvuke, ambacho siku hiyo kilikuwa kinatoa moshi tangu alfajiri. Katika ukoo wetu wa Kifini hakuna aliyewahi kuoa wala kuolewa bila sauna kuwashwa. Baba husema harusi isiyo na sauna ni mkutano tu.

Meza zilikuwa zimepangwa kwenye nyasi hadi karibu na maji. Vitambaa vyeupe, mikate ya iliki, samaki wa kuoka, bakuli za viazi. Na mbele ya kila sahani palikuwa na chupa ya jemu ya mdomo mpana, imefungwa utepe, imejaa maji. Juu ya maji yalielea majani mawili yenye umbo la moyo, mviringo safi, ya kijani inayong'aa, na katikati ya majani ua moja la manjano lenye pindo zilizochanikachanika kama kitambaa kilichofumuka.

Yalikuwa mazuri kiasi kwamba nilitabasamu kwanza. Kisha nikainama kuyatazama karibu.

Niliyajua majani yale. Nilikuwa nimeyachora chuoni, nimeyafanyia mtihani, nimeyaota. Nikaanza kumtafuta Shangazi Verna, kwa sababu katika nchi nzima ni yeye tu angeweza kuleta kitu kinachoelea kwa wingi namna ile.

Shangazi Verna ni dada wa Baba na ndiye mwenyekiti wa chama cha wafuga samaki wa mapambo wa wilaya yetu. Nyumbani kwake kuna matangi mengi kuliko viti. Watu wa chama hicho wana tabia moja ambayo nimewapenda nayo tangu utotoni: hawawezi kutupa hata kipande cha mmea. Mmea ukizidi, unapunguzwa, na kilichopunguzwa hupewa jirani. Ukienda kwa Verna kuomba chumvi, unarudi na chumvi na mfuko wa majani. Ukinunua samaki kwenye mnada wao, mwenye samaki anakutupia na kishungi cha mmea humo mfukoni, samaki asijisikie mpweke njiani. Na mmea ukikua haraka, hakuna anayeuliza mmea huo ni nani. Wanampongeza mfugaji.

Nilimkuta nyuma ya meza ya keki, ananyoosha tepe. Kifuani alikuwa amebandika utepe wa buluu wa mkulima bora wa mwaka wa chama chao.

"Shangazi, haya majani umeyapata wapi?"

Akanieleza kwa furaha tele. Alikuwa amenunua samaki wadogo kwenye mnada wa mjini, na muuzaji akamtupia kipande kimoja, hata hakukumbuka jina lake. Kipande kilijaza beseni kwa mwezi mmoja. Akakigawa mara mbili, kikajaza mabeseni mawili. Alipowaonyesha wenzake, walipiga makofi. Akaona hii ndiyo zawadi ya Saimi, akakaa kimya ili iwe ya kushtukiza. Aliamini ni zile taa zake mpya.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba si taa. Mmea ule ungekua hata kama angeutukana kila asubuhi. Jani moja lenye kipande cha kikonyo linatosha. Barafu haiuui, unajikita kwenye matope unangoja majira ya kuchipua, kisha unafunika maji kama mkeka, na chini ya mkeka hakuna mwanga, na pasipo mwanga hakuna mpunga wala samaki. Mbegu zake zina vinywele vinavyong'ang'ania miguu ya bata. Wanauita pambo la bwawa na wanauuza kwa sababu ya lile ua.

Shangazi Verna akagusa utepe wake.

"Kwa hiyo nimepewa utepe kwa kufuga gugu."

"Shangazi, sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo. Umesema tu kwa adabu." Akapumua. "Na mimi nilivyokuwa nawacheka wenzangu ambao yao yanakufa."

Lakini Verna si mtu wa kukaa na huzuni. Akanikumbusha kwamba yako ndani ya chupa, na chupa zinakwenda madirishani mwa watu, na mtu wa chama hamwagi kitu ziwani, huapa kabisa siku ya kujiunga. Tukapanga sisi wawili. Watu wakishakula nitapita na mikate ya iliki, nimpe kila mtu mkate na kuchukua chupa, kimyakimya, na Saimi hatajua kitu. Nikamuuliza kama nyumbani kuna mengine. Akasema kuna kidogo bafuni.

"Kidogo kiasi gani?"

"Tangu mwezi wa tano naoga kwa mama yako."

Nilikwenda kukaa mahali pangu nikiwa nimetulia kabisa. Ndipo mama yake bwana harusi alipochukua kipaza sauti.

Shemeji yangu mpya anaitwa Garrett Vandehaar. Ni mpole na mrefu, na kwao ni Iowa, katikati ya mahindi, ambako kama unataka ziwa unalichimba. Mama yake, Bi Marlys, alikuwa amevaa kofia ya bluu na uso wake umejaa mapenzi. Akasema mwanawe alimchumbia Saimi, binti yake mpya, palepale kwenye gati, kwa hiyo ameona tufanye jambo dogo. Baada ya chakula wote tutaandamana hadi gatini, kila mtu na chupa yake, na kila mtu ataumwaga moyo wake ziwani. Mapenzi ya watoto wetu yakaote mizizi pale yalipoanzia.

Watu wote waliguna kwa utamu. Watu wa Iowa walifuta machozi. Baba naye alifuta machozi. Upande wa pili wa meza nilimwona Shangazi Verna amefunika mdomo kwa leso.

Na Saimi? Saimi alikuwa anang'aa. Bi Marlys hakumpenda mwanzoni, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumwita binti yake mbele ya watu. Sasa nani angesimama kumwambia mama huyo kwamba jambo lake dogo ni sumu ya ziwa letu? Mimi nilikuwa nashindwa hata kuomba chumvi.

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilikwenda nikainama kwenye kofia ya bluu, nikanong'ona kwamba mmea huu, mama, haufai, mama, ukiingia majini. Akanipapasa shavu. Akasema ni majani tu, mwanangu, kwani ziwa halina majani? Kisha akamgeukia mwenzake akamwambia huyu ndiye yule mdogo mwenye haya, ona alivyo mzuri. Nikakimbia.

Nilihitaji muda. Na kwa bahati, kwetu kuna desturi moja ambayo haihitaji kusema neno. Harusini, mtu yeyote akigonga glasi yake kwa uma, wote hugonga zao, na maharusi hawana budi kubusiana. Hawaruhusiwi kukataa. Basi Bi Marlys alipoinuka kutangaza maandamano, nikagonga glasi. Meza zote zikagonga. Saimi na Garrett wakabusiana, watu wakashangilia, Bi Marlys akaketi. Akainuka tena. Nikagonga. Akaketi. Garrett alikuwa hajafikisha kijiko cha viazi mdomoni. Kila akikiinua, anasikia glasi, anakishusha, anambusu mke wake kwa utii wa mtu aliyelelewa vizuri. Mjomba mmoja akauliza yule mdogo amekunywa nini, na yeye aletewe.

Wakati huo Shangazi Verna alikuwa anazunguka mezani akiiba. Anasimama nyuma ya mgeni, anamsifia shati, na chupa inatumbukia kwenye mkoba wake. Mkoba ulianza kuvuja. Alipofika meza ya Iowa alikuwa anaacha mstari wa maji kwenye nyasi kama konokono. Akanyoosha mkono kwa mzee mmoja, na mzee, bila ukali wowote, akaweka kiganja juu ya chupa yake.

"Hii yangu, mama. Yako nadhani inamwagikia kiatuni."

Hatukuweza kuzuia zaidi. Bi Marlys alijifunza. Safari hii hakuinuka na kipaza sauti, aliinuka na chupa yake tu, akaanza kutembea. Wageni wakasukuma viti. Zaidi ya watu sabini wakashuka kuelekea majini, kila mmoja amebeba moyo wake kwa mikono miwili, wanacheka, wanaimba, jua limewaka, na ghuba ya mpunga iko palepale kushoto, kijani na kimya, haijui lolote.

Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka mlango wa gari, na kizibao kikigoma kupita kwenye mikono ya gauni iliyofutuka mabegani kama maandazi, na mimi nikikimbia na viatu mkononi. Nilifika kichwa cha gati hatua mbili mbele ya kofia ya bluu. Nikageuka.

"Habari za leo," nikasema. "Umetoka ziwa gani?"

Bi Marlys akasimama. Nyuma yake wote wakasimama. Ni rangi ile, nakwambia.

"Mwanangu, sisi tumetoka Iowa."

"Kuna mmea wowote ndani ya chombo chako?"

"Ni chupa," akasema, kisha akaiangalia. "Ndiyo. Kuna mmea."

"Naomba nikague kabla hujaingia."

Akanipa. Nikaiinua juu kwenye jua, watu wote waione, na sauti iliyotoka kifuani mwangu haikutetemeka hata kidogo. "Huu hauwezi kuingia humu, mama. Ni mzuri, nami najua kwa nini umeupenda. Lakini ukiingia leo hautoki tena. Utakuta umefunika mpunga wa watu, umefunga njia ya mitumbwi ya Baba, na watoto wa Saimi watajifunza kuogelea kwenye bafu. Nawaomba wote chupa zenu."

Maji yakagonga nguzo za gati. Bi Marlys alikuwa mwekundu hadi shingoni, nami nilimwonea huruma hadi nikatamani kumrudishia. Kisha Saimi akapita katikati ya watu, ameshika gauni lake jeupe kwa mikono miwili. Akaangalia chupa. Akaangalia ghuba. Amekulia kwenye maji haya kama mimi.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Midomo inaniuma, Lempi. Nilidhani umelewa."

"Sikutaka kukuharibia siku."

"Na ungeniharibia ziwa?" Akanivuta akanibusu kwenye paji la uso, kisha akawageukia wageni. "Jamani, mmemsikia mkaguzi. Pangeni foleni."

Wape watu wa kwetu foleni na mtu mwenye kizibao, utaona furaha. Walijipanga hadi kwenye meza ya keki. Baba akaleta beseni lake la chambo, tupu, na kila mtu alifika kwangu, akamwaga majani yake humo akabaki na chupa, nami nikamuuliza kila mtu umetoka ziwa gani, kwa sababu sikuwa na maneno mengine. Wakaanza kunijibu vituko. Mmoja ametoka shamba la mahindi. Mwingine ametoka talaka ya pili. Mjomba yule akauliza kama sikagui chini ya koti pia, mkewe akasema hapo hapana kilichoota miaka mingi. Shangazi Verna akafika na mkoba, akaugeuza wote kwenye beseni. Zikatoka chupa, majani, leso, miwani na funguo za gari.

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Ndipo nyuma yangu, kutoka mwisho wa gati kabisa, nikasikia sauti nyembamba yenye kuridhika.

"Mimi nimeshamaliza wangu. Nyinyi mmechelewa."

Ni Bibi Hendrika, nyanya yake Garrett, mwenye miaka tisini na fimbo mbili. Kwa kuwa hutembea polepole, aliposikia tangazo likitolewa mezani aliondoka saa ileile, asije akawa wa mwisho. Alikuwa ametembea muda wote tulipokuwa tunagonga glasi. Sasa alisimama na chupa tupu, anapunga mkono, na mbele yake, juu ya maji, ua dogo la manjano lilikuwa linaelea kuelekea ghuba ya mpunga. Upepo ulikuwa nyuma yake.

Nadhani nilipiga ukelele. Saimi hakupiga. Saimi alivua viatu, akafunga gauni kiunoni kama anakwenda kufua, akausukuma mtumbwi wa Baba majini na kuurukia. Garrett, ambaye hajawahi kupanda mtumbwi tangu azaliwe, alimtazama mke wake akienda, akaingia naye kwa mguu mmoja, kisha kwa tumbo.

"Kaa chini," Saimi akamwambia. "Kaa, mume wangu, kaa, usinisaidie."

Nilisimama mwisho wa gati karibu na Bibi Hendrika, nikawa macho yao. Majini waliona mng'ao tu. Mimi niliona ua. Nikawaelekeza, kushoto, Garrett, kushoto kwako, si kwangu. Garrett alipiga kafi upande mmoja tu na mtumbwi ukazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Wageni wote walikuwa gatini na kwenye ukingo, kila mmoja na maelekezo yake. Watu ambao hawajawahi kuona ziwa walikuwa wanapiga kelele za pua na mkia wa mtumbwi.

Nikamuuliza Bibi Hendrika alikuwa na majani mangapi.

"Mawili na ua," akasema. "Niliyapa majina. Jani kubwa Garrett, dogo Saimi."

Walilifikia ua pale mabua ya kwanza ya mpunga yanapoanza. Saimi hakuwa na wavu, basi akavua shela, akaishika ncha mbili, akaitandaza chini ya ua taratibu kama anamfunika mtoto, akainua. Maji yakachuruzika. Akahesabu ndani yake, akanipigia kelele kwamba ana ua na jani moja dogo. Nikamwambia Garrett bado. Garrett akasema yeye yuko hapa. Nikamwambia si wewe, shemeji, jani, lipo nyuma yako, karibu na kiwiko.

Akageuka. Akaliona. Akalikamata kwa mkono, kwa uangalifu wa mtu anayeokota yai, na gati zima likalipuka kwa shangwe. Hapo ndipo Bibi Hendrika, kwa furaha tu, alipoigonga chupa yake tupu kwa pete.

Kling.

Watu zaidi ya sabini walikuwa na chupa tupu mikononi. Zote zikagongwa.

Sheria ni sheria. Nilimwona Garrett akiwaza. Alikuwa amebusu mchana kutwa bila kukosa hata mara moja, na hakutaka kuanza sasa. Akainuka. Saimi akasema usisimame, na wakati anasema, yeye pia akanyoosha uso wake, kwa sababu alikuwa anacheka na alimpenda. Mtumbwi ukainama upande mmoja, ukafikiri kidogo, ukapinduka.

Kwa muda palikuwa na mtumbwi tu, tumbo juu, na viduara vya maji. Kisha mkono ukatoka, umeshika shela iliyofungwa kama bahasha ya maandazi, haikuachia kitu. Baadaye kichwa cha Saimi. Baadaye Garrett, kina kilikuwa kifuani mwake, amesimama wima na mkono umekunjwa ngumi hewani.

"Ninalo," akasema.

Walitembea hadi ukingoni. Baba alinyoosha beseni, nikaifungua shela mwenyewe, nikaweka kila kitu kwenye kiganja: ua, majani mawili, vikonyo vyake. Kulikuwa na kipande cha mzizi kinachokosekana. Nilikitafuta kwenye shela, kwenye nywele za dada yangu, ndani ya mtumbwi, na furaha ikaanza kunipungua. Mwishowe nikamwambia Garrett ageuke. Kilikuwa nyuma ya shingo yake, kimenata kwenye kola, cheupe kama uzi. Nikakinyofoa. Shangazi Verna akalihesabu upya lile fungu, akiunganisha vikonyo kwa vidole vyake vya ufundi, na akasema kwa heshima yote ya mwenyekiti kwamba mmea umetimia.

Bi Marlys alikuwa amesimama peke yake kando ya sauna, kofia mkononi. Nilimwendea. Bado nilikuwa na kizibao, vinginevyo nisingethubutu.

"Nilitaka tu wawe na kitu cha kumwaga," akasema. "Watu wote pamoja."

Nikamwambia kipo.

Majani ya beseni hayawezi kutupwa popote yakaaminika. Yanahitaji joto, na Baba alikuwa na joto tangu alfajiri. Tukayatandaza yote kwenye benchi la juu kabisa la sauna, lile ambalo wanaume hushindania kuonyesha uvumilivu, mioyo ya kijani imelala safu kwa safu kama wageni waliotangulia. Baba akampa Bi Marlys kata ya mbao na ndoo ya maji. Akamwonyesha mawe yaliyowaka. Kwetu, maji yakigusa yale mawe na mvuke ukapanda, ndiyo baraka yenyewe. Hatuna nyingine kubwa kuliko hiyo.

Bi Marlys akamwaga wa kwanza. Mawe yakanguruma, mvuke ukamfunika, akatoka amelowa, kope zimeshikana, anacheka kama msichana, akasema mpeni mwenzangu. Wote walipita. Kila mtu alimwaga kata moja juu ya mawe kwa ajili ya maharusi, na kila mvuke ulipopanda, majani yale yalizidi kunywea na kubadilika rangi. Shangazi Verna alichungulia, akavuta hewa puani.

"Yananukia mchicha," akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Lakini kubali, Lempi. Yalikuwa yamenawiri."

Nikakubali. Akaniomba nije kesho kuondoa majani ya mabeseni na ya bafuni, na nimfundishe kuyatambua, ili kwenye mnada ujao asimame mlangoni yeye mwenyewe. Aliuliza kama vile vizibao vinapatikana katika saizi yake.

Maharusi walibaki wa mwisho. Saimi aliingia akitetemeka. Garrett alikuja nyuma yake amejifunga blanketi la Baba, anachuruzika, meno yanagongana, na mimi nilikuwa mlangoni. Watu walikuwa wamezunguka na chupa zao tupu, wakingoja. Mtu mmoja akanyoosha kipaza sauti mbele yangu, wakanitazama wote, nami nikajua hii ndiyo hotuba niliyoikimbia.

Nilikuwa na maneno yale yale tu.

"Habari za leo," nikamwambia. "Umetoka ziwa gani?"

Garrett akaangalia maji nyuma yake, kisha akaniangalia.

"Hili hili."

Nikamgeuza, nikamkagua kola, mifuko na masikio, bila haraka.

"Basi ingia, shemeji," nikasema, nikamfungulia mlango.